Kazi Bila Mupango Inakula Watu

Mara nyingi ukurasa huu unawakumbusha kuvaa kaske, bote na miwani ya kazi. Leo tunataka kusema juu ya chombo kingine cha kujikinga, ambacho hakivaliwi kichwani wala miguuni. Chombo hicho ni mupango wa kazi: mupango ulioandikwa, wenye hatua, wenye masaa, na wenye jina la mutu mbele ya kila hatua.

Wengi wetu tukisikia neno "planingi" tunafikiri ni mambo ya mainjenieri. Tunaiona ile kartasi yenye mistari mingi inayotundikwa katika biro. Wakubwa wanaiangalia, wageni wanaonyeshwa, na kule chini kazi inaendelea kama zamani. Maoni yetu ni haya: kartasi ile inamuhusu mufanyakazi kuliko inavyomuhusu mukubwa. Kazi kubwa ikiendeshwa ovyo, kompani inapoteza tani na feza. Lakini mutu aliye mwisho wa kazi ile anaweza kupoteza vidole, mukono, ao maisha yake. Tani zitapatikana tena mwezi ujao. Mukono hautarudi.

DENI LA WAKATI LINALIPWA NA NANI?

Ninyi munaofanya kazi katika viwanda munajua siku za kusimamisha kiwanda kwa matengenezo. Wakubwa wanasema: siku nane, kisha tunaanza tena. Siku ya kwanza kila mutu anafika mapema. Lakini vyuma vya kubadilisha viko bado katika depo, na mwenye funguo hayupo. Mashini ya kunyanyua imepelekwa atelye nyingine. Ekipi mbili zinataka kufanya kazi mahali pamoja, zinabishana, moja inakaa kivulini kungoja. Siku mbili zinapotea hivi, bila kelele.

Mwisho wa juma kelele inaanza. Siku nane zinaisha na kazi iko nusu. Sasa kila mutu anaambiwa "upesi, upesi". Watu wanafanya posti mbili mufululizo. Wanaochomea vyuma wanafanya kazi juu ya vichwa vya wanaofunga boloti. Mutambo unajaribiwa wakati ndani yake kungali watu na vyombo. Ndipo ajali inapotokea, na kila mutu anasema: "Ni bahati mbaya."

Si bahati mbaya. Lile ni deni. Wakati uliopotea siku ya kwanza, katika depo na katika kivuli, unalipwa siku ya mwisho, na ekipi ya mwisho ndiyo inayolipa, kwa uchovu na kwa damu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tunaongeza: mara nyingi haraka ya jioni ni mutoto wa uvivu wa asubuhi. Kwa hiyo mufanyakazi anayeuliza "mupango uko wapi?" siku ya kwanza haleti ukaidi. Anajilinda, na anawalinda wenzake.

MAMA NA MBABULA YAKE

Namna ya kupanga kazi kubwa si ngumu kufahamu. Mama za nyumbani wanaijua tangu utoto wao.

Tazama mama anayepika sombe, samaki na bukari kwa ajili ya wageni wanaofika saa sita na nusu. Je, anaanza na bukari? Hapana. Sombe inapaswa kutwangwa, kisha inakaa juu ya moto muda murefu kuliko vyote. Kwa hiyo anaanza nayo asubuhi. Wakati sombe inachemka, anatengeneza samaki. Samaki hawamusumbui: akichelewa nusu saa, chakula hakitachelewa. Bukari anaisonga mwisho kabisa, kwa sababu inaliwa ikiwa na moto. Lakini kama hakuna makala ya kutosha tangu asubuhi, sombe itachelewa, na sombe ikichelewa wageni wote watangoja, hata kama samaki wako tayari tangu saa nne.

Mama huyu amefanya mambo manne. Amekata kazi yake katika vipande. Amejua kipande gani kinatangulia kingine. Amejua ni vipande gani vinafanya njia ndefu kuliko zote, ile inayoamua saa ya kula. Na amehakikisha makala kabla ya kuwasha mbabula. Mainjenieri nao, katika planingi zao, wanafanya mambo haya manne, kwa kartasi kubwa zaidi.

MUFANO WA KINU

Sasa tuingie kiwandani. Tuseme kinu cha kusagia mawe kinasimamishwa. Kwanza kinafungwa na kuoshwa: masaa 8. Kisha ekipi moja inatoa vile vyuma vya ndani vilivyolika, masaa 24, na inaweka vipya, masaa 40. Ekipi nyingine inatengeneza moteri, masaa 30. Ya tatu inabadilisha mukanda unaoleta mawe, masaa 20. Mwisho watu wote wanatoka, wanahesabiwa, na kinu kinajaribiwa: masaa 8.

Jumlisha njia ya vyuma vya ndani: 8 na 24 na 40 na 8, ni masaa 80. Njia ya moteri ni masaa 46 tu. Njia ya mukanda ni masaa 36. Kwa hiyo kazi yote itachukua masaa 80, na hakuna kelele ya mukubwa itakayoipunguza kwa kuwasukuma watu wa moteri. Wale wana masaa 34 ya kupumulia. Wakipata boloti iliyoshika kutu, wana wakati wa kuitoa polepole, kwa chombo kinachofaa, bila kupanda juu ya ngazi mbovu. Lakini wale wa vyuma vya ndani hawana hata saa moja ya kupoteza. Basi mashini ya kunyanyua inapaswa kuwa kwao kwanza, vyuma vipya vinapaswa kuwa karibu na kinu kabla ya siku ya kwanza, na watu wao wanapaswa kupishana vizuri ili wasichoke.

Ona pia jambo lingine. Moteri ikipitishwa juu kwa mashini ya kunyanyua, inaweza kupita juu ya vichwa vya watu wa kinu. Kwa kuwa watu wa moteri wana masaa ya ziada, mupango unaweza kusema: moteri itanyanyuliwa wakati ekipi ya kinu inakwenda kula. Hakuna aliyechelewa, na hakuna aliyesimama chini ya muzigo. Bila mupango, jambo hili lingeamuliwa pale pale, kwa kupiga kelele, katikati ya vumbi.

NAMNA HII ILITOKA WAPI?

Katika miaka ya 1910 injenieri wa Marekani aliyeitwa Henry Gantt alieneza desturi ya kuchora kila kazi kama mustari juu ya kartasi yenye siku, ili kila mutu aone inapoanza na inapoisha. Hiyo ndiyo mistari munayoiona hata leo katika biro.

Lakini mistari peke yake haikuonyesha kazi gani inashika nyingine. Mwaka 1957 kompani ya Du Pont, yenye viwanda vya kemia huko Marekani, ilitafuta ginsi ya kupunguza muda wa kujenga na kutengeneza viwanda vyake. Morgan Walker wa Du Pont, pamoja na James Kelley wa kompani ya Remington Rand iliyotengeneza ordinateri, waliunda hesabu ya njia ndefu, ile tuliyoifanya kwa kinu chetu. Iliposhikwa katika kazi ya kusimamisha na kutengeneza kiwanda cha Louisville, muda wa kusimama uliokuwa masaa 125 ulishuka mpaka masaa 93.

Tafadhali fikirini hesabu hiyo. Masaa 32 yalipatikana kwa sababu vipande vya kazi viliwekwa katika utaratibu wake. Mutu anayesema planingi inapoteza wakati aangalie masaa hayo 32.

USIKU MUMOJA BAHARINI

Kuna sehemu ingine ya mupango, na hiyo ndiyo inayogusa maisha kuliko zote: namna posti moja inavyoachia posti ingine kazi.

Tarehe 6 ya mwezi wa saba, mwaka 1988, katika Bahari ya Kaskazini karibu na Scotland, kulikuwa na jukwaa kubwa la kutoa mafuta na gazi, jina lake Piper Alpha. Lilikuwa na pampu mbili zilizofanya kazi moja. Muchana ule mafundi walitoa vali ya usalama ya pampu moja kusudi ikajaribiwe, na mahali pake wakaweka kifuniko cha chuma. Posti ikaisha kabla vali kurudishwa. Kartasi ya kazi ile ilikuwapo. Lakini pampu ileile ilikuwa na kartasi ingine ya matengenezo mengine, na hizo mbili hazikuwekwa pamoja. Watu wa posti ya usiku hawakujua kwamba vali imetolewa.

Kabla ya saa nne ya usiku pampu ya pili ikasimama. Wakaanzisha ile ya kwanza. Gazi ikatoka, ikashika moto. Watu 167 walikufa, na 61 wakaokoka. Jaji Cullen aliyeongoza uchunguzi alitoa ripoti mwaka 1990, yenye mapendekezo 106, na baadhi yake yalihusu namna ya kuongoza usalama, kutoa ruhusa ya kazi na kuachiana kazi.

Tusiwahukumu wafu. Tujifunze jambo moja tu: kartasi walikuwa nayo. Kartasi isiyofika mikononi mwa mutu anayeihitaji ni sawa na lampi iliyoachwa nyumbani. Ndiyo maana tunasema kwamba mupango muzuri hauishii kwenye mistari na masaa. Unasema pia: nani anaachia nani, wapi, kwa maneno gani, na chombo kile kinabaki katika hali gani.

KARIBU NA KWETU: KIPUSHI

Musifikiri haya ni mambo ya mbali. Mugodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulianza kazi mwaka 1924, na uchimbaji ukasimama mwaka 1993. Tangu siku ile shimo liliishi kwa pampu tu, kwa maana chini ya inchi maji hayapumziki. Mwaka 2011 pampu za chini zilishindwa, maji yakapanda na kufunika njia za kazi.

Waliotaka kulifufua shimo hawakuanza kwa kuchimba. Wangechimba wapi? Kwanza maji yalipaswa kutoka, na kwa hiyo pampu zilipaswa kuwekwa, na kwa hiyo umeme ulipaswa kuwa imara. Nyuma ya maji, shimo la kushukia na mitambo yake vilipaswa kutengenezwa. Nyuma ya hayo, njia za chini zilipaswa kuangaliwa na kuimarishwa. Ndipo mashini za kuchimba zinaweza kushuka. Na juu, kiwanda kipya cha kuchambua mawe kilijengwa kusudi kiwe tayari wakati mawe yanapofika. Mwaka 2024 Kipushi ikaanza tena kutoa zinki, kiwanda chake kikimalizika mbele ya muda uliotangazwa.

Mufanyakazi wa chini anaelewa hadizi hii kuliko mutu mwingine. Hatua moja ikirukwa pale, wanaoshuka hawarudi. Utaratibu ule ndio ulikuwa ngazi ya watu kushuka na kupanda wakiwa wazima.

"MIPANGO SI MATUMIZI"

Tunajua wengine watatujibu kwa maneno ya wazee: mipango si matumizi. Ni kweli. Boloti inavunjika, mvua inanyesha, umeme unakatika, mutu anaugua. Hakuna planingi iliyopita kiwandani bila kubadilika. Lakini maneno hayo hayasemi tusipange. Yanatuambia kwamba mupango wa siku ya kwanza haufai kuabudiwa. Kila asubuhi, na kila mwanzo wa posti, mashefu wa ekipi wanapaswa kukutana mbele ya kartasi ileile, hata robo saa tu, waseme ukweli: hiki kimemalizika, hiki kimechelewa, hiki kinatuzuia. Kisha wapange upya. Mwenye mupango anajua amechelewa siku ya pili. Asiye nao anajua siku ya saba.

Wengine watasema: "Mimi ni mutu wa nyundo, hayo si yangu." Tunakataa. Anayejua boloti ile inatoka kwa masaa mangapi ni yule aliyeitoa mwaka jana, wala si yule anayekaa biro. Planingi iliyoandikwa bila kumuuliza mutu wa nyundo ina masaa ya uongo, na masaa ya uongo ndiyo yanayoleta "upesi, upesi". Kwa hiyo tunawaomba pia mashefu na mainjenieri: waiteni wafanyakazi kabla ya kuandika masaa. Na mutu akisema "masaa haya hayatoshi", musimuone kama muvivu. Muulizeni sababu.

Na kuna wale wanaojaza kartasi yote jioni, kalamu moja, biro moja, hata kwa kazi ambayo hawakuiona. Hao ni hatari kuliko wasioandika kitu. Asiyeandika, watu wanajihadhari naye. Anayeandika uongo, watu wanamuamini.

MASWALI SITA YA KUULIZA

Kabla ya kuingia katika kazi kubwa, wewe ndugu musomaji, hata kama ni siku yako ya kwanza, muulize shefu wako maswali haya:

1. Hatua yangu ni gani, inaanza saa ngapi, na hatua gani inapaswa kumalizika kabla yake?

2. Nani mwenye jina mbele ya hatua hii? Jina la mutu mumoja. "Sisi wote" maana yake ni hakuna mutu.

3. Vyombo na vyuma viko tayari hapa, ama viko "njiani"?

4. Nani anafanya kazi juu yangu, chini yangu na kando yangu saa ileile?

5. Umeme, maji, gazi na hewa vimefungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli yangu uko katika mufuko wangu?

6. Nikitoka, namuachia nani, na nimemwambia nini kwa kinywa na kwa kartasi?

Kama jibu moja linakosekana, hatua ile haianzi. Hapo ni mulango, na mulango una bawabu. Bawabu ni wewe. Ukisukumwa upite bila jibu, mwambie delege wenu ao mutu wa usalama. Saa moja ya kungoja jibu inaweza kuandikwa katika planingi. Kilio cha muke na watoto hakina mahali pa kuandikwa.

KWA MAMA NA WATOTO

Nanyi jamaa za wafanyakazi, musidhani ukurasa huu umewasahau. Siku za matengenezo makubwa, muulizeni baba: "Posti yako ni ya saa ngapi juma hili? Kazi itaisha siku gani?" Akiweza kujibu wazi, mujue kule kazi ina mupango. Ninyi mupange pia: anayefanya posti ya usiku alale muchana, watoto wakacheze mbali na dirisha, chakula chake kiwe tayari kabla hajatoka. Mutu aliyelala masaa mawili hawezi kukumbuka maswali sita.

Na akirudi akisema, "Leo tulisimamisha kazi kwa sababu jibu moja lilikosekana," musimucheke wala musihesabu feza ya masaa ya ziada iliyopotea. Mwambieni: "Aksanti, baba." Kisha mukae chini mule bukari pamoja.